R, S au C: Herufi inayoamua nani atabebwa mgongoni

Wakala wa tiketi akiambiwa kwamba abiria atahitaji kiti mwendo, haandiki maneno hayo. Anaingiza kwenye kompyuta alama ya herufi nne, ileile inayosomwa Dar es Salaam, Doha na Amsterdam. Tatu za mwanzo, WCH, ni kifupi cha jina la kiti hicho kwa Kiingereza na hazina utata. Uzito wote uko kwenye ya nne. Ikiwa R, abiria anapanda na kushuka ngazi mwenyewe na anatembea ndani ya ndege. Kinachomshinda ni umbali wa kutoka kaunta hadi kwenye ndege. Ikiwa S, ngazi haziwezi, lakini akifikishwa mlangoni atajikongoja hadi kwenye siti yake. Ikiwa C, hatembei kabisa: lazima afikishwe mpaka kwenye siti na kuhamishiwa hapo. Kila herufi ina vifaa vyake. R inataka kiti na mtu wa kukisukuma. S inataka njia ya kufika mlangoni bila ngazi, kwa mfano gari lenye chumba kinachonyanyuka hadi usawa wa mlango wa ndege. C inataka hayo yote, na juu yake kile kiti chembamba chenye mikanda, kinachoweza kupita katikati ya siti ambako kiti mwendo cha kawaida hakiingii, pamoja na watu waliofundishwa kumhamisha binadamu bila kumuumiza.

Inashangaza kwamba jambo zito kiasi hiki limefichwa mahali ambapo abiria halioni. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba kosa la herufi hiyo linaweza kusafiri mbali bila kugunduliwa. Mzee anayetoka Ulaya akiwa ameandikiwa R badala ya S atapita kwenye daraja la abiria kule alikoondokea, na huenda akashukia daraja jingine katika jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019. Kote huko sakafu ni tambarare, kwa hiyo R na S zinafanana kama mapacha. Kosa litajitokeza siku ya pili, atakapounganisha safari ya mkoani kwa ndege kama Q400, ambayo mlango wake ukifunguliwa ndio unaogeuka ngazi. Hapo kiti kitasukumwa mpaka chini ya ngazi na kuishia hapo. Aliyekisukuma hana kosa: karatasi yake inasema abiria huyu anapanda mwenyewe.

Chanzo cha kosa ni swali linaloulizwa. "Anahitaji kiti?" ni swali la kifaa, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Ndiyo tupu haimwambii wakala lolote kuhusu magoti, na R ndiyo herufi rahisi kuliko zote kuiandika. Ongeza na malezi yetu. Wazee wetu wamefundishwa kutomchosha mtu. Bibi ambaye nyumbani hapandi hata kizingiti bila kushikwa mkono, akiulizwa na mgeni atajibu kwamba atajitahidi. Swali linalofaa ni la mwili: anaweza kupanda ngazi? Anaweza kutembea hatua 20 bila kushikwa? Majibu mawili hayo yanatosha kuchagua herufi.

Kuna atakayesema kwamba herufi sahihi haimwokoi mtu, na shahidi wake mzuri ni Frank Gardner, mwandishi wa BBC wa masuala ya usalama, ambaye miguu yake ilipooza baada ya kupigwa risasi Riyadh mwaka 2004. Anasafiri mara kwa mara, anazijua taratibu, na bado mwaka 2018 alibaki ndani ya ndege Heathrow kwa zaidi ya saa moja, abiria wenzake wakiwa wameshaondoka, kwa kuwa kiti chake kilikuwa hakijulikani kilipo. Mwaka 2022 aliachwa tena ndani ya ndege kwenye uwanja huohuo. Septemba 2024, akitoka Warsaw, alitambaa kwenye sakafu ya ndege kwenda msalani kwa sababu hapakuwa na kiti chembamba ndani. Lakini msikilize Gardner mwenyewe anavyolieleza jambo hilo. Hakuwalaumu wahudumu, alisema walifanya walichoweza na waliomba radhi. Lawama aliipeleka kwa shirika, ambalo utaratibu wake ulikuwa kutobeba kiti cha aina hiyo. Msimamo huo ndio somo lenyewe. Mahitaji yake yalijulikana, kwa hiyo kila safari aliweza kuonyesha kwa kidole nani hakutimiza wajibu. Bibi aliyeandikiwa R hana wa kumdai. Kwenye kumbukumbu kila mtu alifanya kazi yake, na yeye ndiye aliyesema uongo kuhusu magoti yake.

Pingamizi la pili linahusu wadanganyifu. Mwaka 2024 Barry Biffle, akiwa mkuu wa shirika la Frontier la Marekani, alilalamika hadharani kwamba abiria wengi wanapanda kwa viti mwendo kisha wakifika wanashuka kwa miguu yao. Wapo wa hivyo, bila shaka. Lakini R kwa maana yake ni mtu anayetembea, tena kumwona anatoka mwenyewe hakuthibitishi kwamba hakuhitaji msaada kwenye foleni ya saa nzima. Na maswali ya mwili humbana mdanganyifu kuliko macho ya kushuku: anayetaka kuruka foleni anataka kiti, hataki kunyanyuliwa na gari mbele ya umati.

Pingamizi la tatu ni la gharama, na hili si la kupuuzwa. Kiwanja kinachopokea ndege mbili kwa siku kitaona gari la kunyanyulia ni anasa. Lakini kwa ndege zenye mlango wa chini zipo njia za mteremko zinazosukumwa kwa mikono, bila injini. Badala yake jibu linakuwa vijana wenye nguvu, na tunaliita jibu hilo utu. Kubebwa mgongoni kwenye ngazi nyembamba iliyolowa mvua ni hatari kwa anayebeba na kwa anayebebwa. Na mama mwenye baibui anayeshikwa makwapani na wanaume asiowajua, abiria wote wakimtazama dirishani, hawezi kuambiwa kwamba hiyo ni heshima.

Linabaki swali ambalo halijapata jibu la wazi. Umoja wa Ulaya, tangu 2008, umeukabidhi uwanja wa ndege kazi ya kumsaidia abiria wa aina hii bila malipo, naye anatakiwa kutoa taarifa saa 48 kabla. Marekani, kwa sheria ya 1986, mzigo ni wa shirika la ndege. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka uliofuata. Kwenye lami, kati ya shirika, uwanja na kampuni ya huduma za ardhini, nani hasa anajibu ngazi zinapomshinda mtu? Na anayesafiri ghafla kwa msiba au rufaa ya hospitali azitoe wapi hizo saa 48?

Wakati majibu yanasubiriwa, herufi iko mikononi mwetu. Ukimkatia mama yako tiketi, usiishie kusema anahitaji kiti. Sema hawezi ngazi, kama hawezi, kisha mwombe wakala akusomee herufi ya nne kabla hujalipa.