Upondo Haufundishwi na Simu

Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti. Habari hiyo imerudiwa mno hapa Kenya, hata kijana wa Riruta, Nairobi, mwenye simu na bando la siku moja anaweza kudhani kwamba mchezo wowote wa kiwanjani hupatikana hivyo. Mkuki, sawa. Kuruka kwa upondo, hapana.

Yego, mzaliwa wa Nandi, aliwatazama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, akaiga, akarudia. Mwaka 2015 huko Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akaleta medali ya fedha ya Olimpiki kutoka Rio. (Alipitia pia mikononi mwa kocha Petteri Piironen huko Kuortane, Finland, hapo ndipo wasimulizi wengi huruka.) Ukiurusha mkuki vibaya unaanguka karibu, bega linauma, unaenda kuuokota. Kosa la upondo hulipwa ukiwa hewani.

Mrukaji hodari hukimbia kama mita 40 akiwa amebeba upondo wa faibaglasi unaoweza kufika mita 5, kisha huichomeka ncha yake katika kisanduku kilichozikwa ardhini, chenye kina cha sentimita 20. Upondo hupinda na kuimeza kasi ya mbio, halafu hunyooka na kumrudishia mwenyewe kasi hiyo ikielekea juu. Fizikia ya sekondari inatosha: anayekimbia mita 10 kwa sekunde, kasi yote ikigeuka kimo, atainuka mita 5.1. Kitovu cha uzito wake tayari kiko takriban mita 1 kutoka ardhini, kwa hiyo tunafika mita 6 na kidogo. Armand Duplantis wa Uswidi aliruka mita 6.30 mjini Tokyo Septemba 2025. Ziada hiyo hutoka kwenye nguvu za mwili wenyewe: anavyojivuta, anavyojipindua miguu juu, na anavyousukuma upondo kabla ya kuuachia.

Sasa hatari. Kila upondo umepimwa kwa uzito wa mtu. Ukiwa laini mno kwako, unaweza kuvunjika. Ukiwa mgumu mno, au ukiushika juu kupita uwezo wako, husimama nusu njia na kukurudisha ulikotoka, mahali pasipo godoro. Kinachoamua mara nyingi ni hatua ya mwisho kabla ya kupaa, na mrukaji haioni kwa sababu macho yake yako juu. Kocha aliyesimama pembeni ndiye anayeiona, na ndiye anayesema: shika chini kidogo, au badilisha upondo. Video itakuonyesha kosa ukishaanguka.

Ndiyo maana mchezo huu hupenda kupita kutoka kwa mrukaji hadi kwa mrukaji. Baba yake Duplantis, Greg, aliwahi kuruka mita 5.80, na mtoto alianzia nyuma ya nyumba yao huko Lafayette, Louisiana. Mama, Helena, aliyekuwa mwanariadha wa michezo saba, humjenga mwili. Kabla yao alikuwapo Cornelius Warmerdam, aliyeruka mita 4.77 mwaka 1942 kwa upondo wa mwanzi, rekodi iliyodumu hadi 1957, kisha akawa kocha kwa miaka mingi huko Fresno, California. (Msomaji asikimbilie kukata mianzi: ikipasuka hutoa vipande vikali kama visu.)

Mbio za kati na ndefu hazidai urithi wa namna hiyo. Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, hakuwa mwanariadha, na bado alimlea David Rudisha wa mita 800. Kenya imezoea mfano huo, nadhani kupita kiasi. Kwa upondo, Afrika ina Okkert Brits wa Afrika Kusini, mita 6.03 mwaka 1995. Sisi hatujapata wa kumkaribia.

Kiwanja cha Riruta kina watoto wa Kawangware wenye kasi, na kasi ndiyo malighafi. Vifaa ni kikwazo kweli: mashindano makubwa hudai godoro lisilopungua mita 6 kwa 6, na sijui kondakta wa matatu namba 46 atakayekubali mzigo wa mita 5. Lakini anayeanza hahitaji hayo. Hushika chini upondo mfupi usiopinda, hupiga hatua chache, hutua kwa miguu katika shimo la mchanga la kuruka mbali, huku kocha akimsindikiza kwa mkono mgongoni. Hapo hajui bado kuvuka ufito; anajifunza kuuamini upondo.

Fedha za kwanza zikipatikana, ningezitumia kumlipa mwenye mkono huo, hata kama kimo chake bora maishani ni mita 4 tu, awe Riruta jioni tatu kwa wiki. Godoro na pondo ndefu ningeziweka kwenye bajeti ya mwaka wa pili.