Wahongaji Wamefungwa, Waliohongwa Je?

Novemba 2014, polisi wa Kenya wakisaidiana na wapelelezi wa Marekani waliwakamata Mombasa ndugu wawili, Baktash na Ibrahim Akasha, kwa biashara ya heroini. Shauri la kuwapeleka ng'ambo likazungushwa mahakamani hata Januari 2017, ndipo walipochukuliwa. Huko New York walikiri makosa, tena wakakiri kwamba nyumbani walikuwa wakiwahonga polisi, waendesha mashtaka na mahakimu. Baktash alifungwa miaka 25 mwaka 2019. Ibrahim miaka 23 mwaka 2020.

Sisi hatuwalilii. Mwenye machozi na awalilie wana wa makuli na wavuvi, wanaosinzia vichochoroni kwa ajili ya unga, wala hao si wa kupigwa virungu bali kutibiwa.

Ushirikiano wa polisi twauunga mkono, maana jahazi litokalo pwani ya Makran halijui mpaka. Lakini ni fedheha, ndugu wafanyakazi, kwamba haki ya Mombasa ilibidi ivuke bahari. Waliotoa hongo walisafirishwa. Waliopokea hawakupanda ndege ile, na kuwahukumu hao ni kazi yetu wenyewe.