Je, koperative yetu iko tayari kuuza kwa simu?



Katika vikao vingi vya koperative kuna ulizo moja linarudi: "Wengine wanauza kwa simu. Sisi tunangoja nini?" Vijana wanasema tufungue kundi la WhatsApp leo leo. Wazee wanasema simu inakula inite, haileti makuta. Katika ukurasa huu tunataka kusaidia pande zote mbili. Simu inaweza kusaidia kuuza, lakini haiwezi kutengeneza yale ambayo koperative haijatengeneza. Tena hapa kwetu Oicha, kutangaza mali kuna hatari ambayo vitabu vya biashara havisemi.

Kwa nini ulizo hili ni la sasa

Muangalie kakao. Mwanzoni mwa 2023, tani moja ya kakao kwenye soko la New York ilikuwa karibu dola 2,600. Mvua mbaya na magonjwa ya miti vilipunguza mavuno ya Côte d'Ivoire na Ghana, inchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Katika Desemba 2024 bei ikapita dola 12,000. Halafu katika 2025 ikashuka tena, ikarudi kuwa karibu nusu.

Bei ikicheza namna hiyo, mwenye kuchelewa kusikia ndiye anayeumia. Bei ikipanda, mchuruzi anajua mbele ya mlimaji, ananunua kwa bei ya zamani. Bei ikishuka, mlimaji asiyejua anaficha kakao yake akingoja bei ambayo imekwisha kwenda. Njo maana simu ni chombo cha kazi kama panga na mizani.

Kuuza kwa simu ni kazi tatu

Watu wengi wanachanganya mambo matatu. Tuyatenganishe.

Ya kwanza ni kuuliza: kupigia watu wa Beni, Butembo na Kasindi ili kujua bei iko namna gani leo. Hii hata simu ndogo ya vitufe inaweza.

Ya pili ni kutangaza: kuwajulisha wanunuzi kwamba tuko na mali, na kuwajulisha wamemba bei ya koperative na siku ya kupima.

Ya tatu ni kulipa na kulipwa. Huko Kenya M-Pesa ilianza 2007. Kwetu Kongo Vodacom iliileta 2012. Leo tuko pia na Airtel Money na Orange Money.

Koperative inaweza kuwa tayari kwa kazi ya kwanza bila kuwa tayari kwa ya pili wala ya tatu. Si aibu. Aibu ni kuruka.

Wengine walijifunza nini

Kule Kerala, kusini mwa India, wavuvi wa samaki walipata simu kati ya 1997 na 2001. Mbele ya hapo, mitumbwi mingi ilifika kwenye soko moja, samaki wakajaa mpaka wakatupwa, na kumbe soko la kilometa 15 pembeni wanunuzi walikuwa wanakosa samaki. Simu zilipofika, mvuvi alipiga akiwa bado majini, akauliza ni wapi wanunuzi wanangoja, akageuza mtumbwi. Mtafiti mmoja, Robert Jensen, alipima: faida ya wavuvi ilipanda 8 kwa mia, bei kwa wenye kula ilishuka 4 kwa mia, na kutupa samaki kukaisha.

Lakini kuna habari nyingine, pia ya India. Katika jimbo la Maharashtra, walimaji wa vijiji 100 waliingizwa katika uchunguzi. Wengine wakapewa bei za soko kwa mesaji ya simu, bila kulipa, kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyoandikwa 2012 yalisema: bei waliyopata haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Simu ni ile ile. Kwa nini huku ilisaidia na kule hapana? Mvuvi alikuwa na njia ya kugeuza mtumbwi. Kujua bei peke yake haitoshi kama hauwezi kupeleka mali pengine. Mlimaji aliyekopa makuta ya shule kwa mchuruzi, na ameahidi kumlipa kwa kakao, hata akijua bei ya Butembo, ataiuza kwa yule yule. Mlimaji mwenye kilo 15 peke yake hawezi kulipa pikipiki mpaka Beni, kilometa kama 30, kwa ajili ya tofauti ndogo ya bei.

Na hapa njo koperative inaingia. Kilo 15 za mama mmoja haziwezi kugeuza mtumbwi. Kilo 15 za watu 40 ni kilo 600, na hizo zinaweza kumleta mnunuzi mpaka kwenye depo.

Mambo manne ya kutengeneza mbele

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli nusu. Kakao nzuri iliyolala ndani ya nyumba haijiuzi kama hakuna anayejua. Lakini kutangaza kakao mbaya ni hasara mbili: mnunuzi anakuja mara moja, halafu harudi, tena anaambia wengine.

1. *Mali iwe ya namna moja.* Mnunuzi wa mbali hawezi kuona kakao yenu kwa simu. Ananunua neno lenu. Kama huyu ameivundika siku 6, mwingine siku 2, na mwingine ameianika ingali mbichi, neno la koperative litakuwa uongo hata kama hakuna aliyetaka kudanganya. Mukubaliane: kuvundika siku 5 mpaka 7, kugeuza, kukausha mpaka maji yabaki karibu 7 kwa mia. Asiyefuata, mali yake inapimwa pembeni.

2. *Mizani na daftari.* Mnunuzi akiuliza "Muko na kilo ngapi?", sekretere asijibu kwa kukisia. Aangalie daftari. Ukisema kilo 600 na mnunuzi akakuta 430, safari yake imekuwa hasara, na simu yenu ya pili hataipokea.

3. *Namba moja ya koperative.* Laini iandikwe kwa jina la koperative, si kwa jina la prezida. Tumeona mara nyingi: prezida anabadilika, anaondoka na laini, na wanunuzi wote wanaondoka naye. Ikiwa kampuni ya simu inaomba mtu mmoja wa kuandikisha, komite iandike katika kitabu cha kikao kwamba laini ni mali ya koperative.

4. *Ruhusa ya wamemba.* Namba ya simu ni mali ya mwenyewe. Musiwape wachuruzi au watu wa matangazo liste ya namba za wamemba bila kuwauliza. Na mtu akisema hataki mesaji, atolewe kwenye liste bila maneno.

Usalama: mambo ambayo simu isiseme

Hapa tunaomba musome polepole.

Tangu 2014 raia wengi wameuawa katika eneo la Beni. Familia nyingi zimekimbilia Oicha, mashamba yamebaki nyuma, na kakao ya wengi imevunwa na watu wengine. Katika inchi yenye amani, tangazo linasema: nini, wapi, ngapi, siku gani. Kwetu, maneno hayo manne yakikaa pamoja katika mesaji moja ni kumwonyesha mwizi njia. Mesaji inapita kutoka simu mpaka simu. Hamuwezi kujua itaishia mkononi mwa nani. Kundi la WhatsApp la watu 200 ni sawasawa na kusema kwa sauti kati ya soko.

Kwa hiyo:

- Musiandike kilo zote za depo. Semeni tu kwamba mali iko. Hesabu inatolewa kwa mnunuzi anayejulikana, kwa mdomo.
- Musiandike siku wala saa ya kusafirisha, wala njia, wala jina la mwenye gari au pikipiki.
- Musiandike siku ya kulipa wamemba. Siku hiyo kila mtu anajua nani yuko na makuta nyumbani.
- Musitume picha ya gunia zikiwa ndani ya depo. Picha ya kakao mkononi inatosha. Mlango, dirisha na barabara visionekane.
- Musitaje shamba la mtu wala njia ya kwenda huko.

Wengine watasema: "Tukificha hivi, tutauza namna gani?" Tangazo halifanyi kazi yote. Kazi yake ni kumfanya mnunuzi apige. Mengine yanasemwa kati ya watu wawili.

Mesaji nzuri ni fupi

Mesaji moja ya kawaida inabeba herufi 160. Ukipita hapo, unalipa mbili. Mfano kwa wanunuzi:

*"Tuko na kakao kavu, imevundikwa siku 6, mizani imepimwa. Tunauza kwa jumla. Mnunuzi apige namba hii tu, saa 2 asubuhi mpaka saa 10. Koperative ..."*

Hakuna kilo, hakuna mahali, hakuna siku. Lakini mnunuzi amejua ubora, na amejua pa kupiga.

Na musisahau wale wasiosoma. Katika koperative zetu wamama na wazee wengi wanapenda kusikia kuliko kusoma. Kama kuna androidi, mesaji ya sauti katika Kinande au Kiswahili, ya nusu dakika, inafika vizuri. Kama hakuna, muchague mtu mmoja katika kila mtaa: yeye anapokea mesaji, anapitisha neno kwa majirani kumi. Mwenye simu asiwe bwana wa habari. Katika nyumba nyingi simu iko kwa baba, na shamba limelimwa na mama. Muhakikishe neno linamfikia aliyelima.

Kuhusu makuta ya simu

Kulipwa kwa simu kunapunguza kutembea na makuta mfukoni, na hiyo kwetu ni faida kubwa. Lakini mushike kanuni tatu.

Kwanza, mesaji inayosema "umepokea" si makuta. Wadanganyifu wanajua kuandika mesaji inayofanana kabisa na ile ya kweli. Kesie aangalie salio mwenyewe, ndipo gunia zitoke.

Pili, namba ya siri haipewi mtu: si mwenye kabine, si mtoto wa prezida, si anayejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Tatu, muhesabu gharama ya kutoa makuta mbele ya kukubali bei. Na muulize mwenye kabine kama yuko na makuta ya kutosha siku hiyo. Salio la simu halilipi shule kama kabine iko tupu.

Je, inalipa?

Hesabu mbele ya kuamua. Tuseme koperative iko na wamemba 40, inatuma mesaji 2 kwa juma. Ni mesaji 320 kwa mwezi. Muzidishe kwa bei ya mesaji moja, muongeze inite za kupiga wanunuzi na makuta ya kuchajisha simu. Halafu muulize: kwa sababu ya simu, tumepata franka ngapi zaidi kwa kila kilo? Kama ni franka 50 kwa kilo, na mumeuza kilo 800, faida ni franka 40,000. Gharama ikiwa chini ya hapo, simu inawasaidia. Ikiwa juu, simu inawala. Muandike hesabu hii kila mwezi na muisome mbele ya wamemba wote.

Muanze kidogo

Mwezi wa kwanza, sekretere aulize bei tu, kwa watu watatu tofauti, kila Jumatatu, na aandike katika daftari. Mwezi wa pili, bei hiyo itumwe kwa wamemba. Mwezi wa tatu, kama mali imekuwa ya namna moja na daftari inasema kweli, ndipo mutangazie wanunuzi wachache munaowajua. Kulipwa kwa simu kuje nyuma ya hayo, na kwa kiasi kidogo.

Maulizo ya kuzungumza katika kikao

1. Mnunuzi akipiga leo, daftari yetu inaweza kumjibu kilo za kweli?
2. Laini ya koperative iko kwa jina la nani?
3. Wamemba wangapi wako na deni kwa mchuruzi, hata hawawezi kuuza pengine? Koperative inaweza kuwasaidia namna gani?
4. Ni nani atasoma kila mesaji mbele haijatumwa, na kutoa yale yanayoweza kumwonyesha mwizi njia?
5. Mama asiye na simu atasikia bei siku gani, na kwa mdomo wa nani?

Kama muko na majibu ya maulizo haya matano, muko tayari, hata kama simu yenu ni ndogo ya vitufe na kioo chake kimepasuka. Kama majibu hayajapatikana, androidi ya bei kubwa haitawasaidia. Muanze na daftari.