Mzee Akiugua, Shamba Lisiuzwe Haraka

Huku Kisii na Nyamira wazee wengi wanauguziwa nyumbani. Sisi tunaowatembelea tunaona pesa zikiisha, mtoto mmoja anatafuta mnunuzi wa shamba, na mzee anabaki hana pa kulala. Jamani, sheria ipo. Tangu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila mke na mume kukubali wote wawili. Tena shamba la kilimo linahitaji kibali cha bodi ya ardhi. Mkiona hatari, mke au mume akaombe zuio afisi ya ardhi. Watoto wote, hata walio Nairobi, wagawane zamu na gharama. Na mzee asiweke kidole kwenye karatasi ambayo hajasomewa.