Flipflopi: jahazi, mchongo au picha?

Ukilisogelea jahazi la Flipflopi, jicho halijui lianzie wapi. Ubavu mzima umevikwa vipande vya ndara, buluu iliyopauka, waridi, kijani, nyekundu, vimekatwa na kubandikwa pamoja hadi mbao hazionekani. Kwa mbali ni picha ya rangi tupu. Ukiupapasa, vidole vinakutana na mabonde na matuta ya soli. Na hizo mbao za ndani si mbao: mkuku, mataruma na ubavu vyote ni plastiki iliyoyeyushwa na kumiminwa upya.

Lilijengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda, mtoto wa ukoo wa wachongaji, likashushwa majini Septemba 2018. Urefu wake ni mita 9 hivi. Limekula tani 10 za taka za plastiki, na ndara zipatazo 30,000 zilizookotwa fukweni.

Ulimwengu umelipokea kama kampeni ya mazingira, na si vibaya, maana Ben Morison aliyeanzisha mradi alikusudia hivyo hasa. Ila mimi naona fundi kapunjwa. Angekuwa kijana wa Nairobi aliyetundika ndara ukutani, tungekwisha kumwita msanii na kubishana kama ni mchoraji au mchongaji.

Lamu ubishi huo hauna mashiko. Tazama jicho la jahazi: kibao cha duara kinachongwa, kinapakwa rangi, kinatiwa nyota na mwezi, kisha kinapigiliwa omoni. Nani aliwahi kuuliza kazi ya patasi inaishia wapi na ya brashi inaanzia wapi? Kuta za chokaa za nyumba za karne ya 18, zidaka zikiwa safu juu ya safu, nazo ni hivyo hivyo. Mwanga ukipita, ukuta unageuka mchoro.

Jipya kwa Skanda ni kitu anachokichonga. Mti una nyuzi. Fundi huzisoma na kujua tezo ipite wapi. Plastiki haina nyuzi, ni nzito, na jua likiwaka inatanuka na kujipinda. Ufundi wa kukadiria kwa jicho, bila ramani ya karatasi, ilibidi uanze kujifunza upya. Rangi nazo hakuzichanganya yeye. Zilitoka kiwandani, zikakanyagwa na watu nisiowajua wala yeye hawajui, zikachujuka kwa chumvi na jua. Buluu ya ndara iliyoelea baharini miaka haiuzwi dukani.

Januari 2019, kaskazi ikivuma, likatweka tanga kwenda Unguja, safari ya kilomita 500 hivi, likipitia bandari za pwani. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliunga mkono safari hiyo. Mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Victoria. Kote huko watu walilishika, wakalipanda, wakatafuta ndara inayofanana na yao. Makumbusho gani yatakuruhusu hayo?

Nia iliyotangazwa ni kujenga chombo kingine, kikubwa zaidi. Siku kikishushwa, wahariri wa kurasa za sanaa watume mtu. Wale wa mazingira watakuwa wameshafika.