Mgao wa Umeme na Masikio ya Soweto

Katika soko la Soweto, Mbeya, muuza mchele anaweza kutajiwa elfu sita akasikia elfu tisa. Irabu ni zilezile. Kinachotofautisha ni mpangilio wa s na t, sauti nyembamba ambazo sikio lililochoshwa na kelele huanza kuzipoteza. Mtu wa namna hii hajioni kiziwi. Hulalamika tu kwamba siku hizi watu wanamumunya maneno.

Kulihusisha sikio hilo na ukame kunaonekana kama kutafuta mchawi, lakini njia ipo. Mchele mwingi wa hapa hutoka Mbarali, kwenye bonde la Usangu, ambako mto Ruaha Mkuu hukusanya maji kabla ya kushuka kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, hukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Tuwe wakweli: umwagiliaji na mifugo viliudhoofisha kabla hatujazoea kutaja tabianchi, na mpunga wenyewe ulikunywa sehemu ya maji yaliyokosekana Mtera. Ila mto uliokwishadhoofika hauhimili mvua zinazoyumba. Mwaka 2006 ukame uliiangusha Mtera, nchi ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme, ule uliozaa sakata la mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mwaka 2011 mgao ukarudi.

Mgao ukianza, kila kibanda chenye uwezo hutoa jenereta mlangoni: kinyozi, mchaji simu, fundi wa kuchomelea. Shirika la Afya Duniani huweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kelele ikifika 90, muda salama ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Jenereta ndogo iliyo hatua mbili kutoka kwenye kiti cha kunyolea inaweza kufika hapo, na kinyozi hushinda nayo kutwa, akipaza na redio ili aisikie. Vinywele vya sikio la ndani vikifa havioti tena.

Njia nyingine ya tabianchi kulifikia sikio ni malaria, inayopanda milimani kadiri baridi inavyopungua. Kwinini iliyotibu malaria kali iliacha masikio yakivuma. Siku hizi artesuneti imeshika nafasi yake, kwa hiyo mlango huo unafungwa.

Hata wa jenereta umeanza kufungwa. Bwawa la Nyerere, lililoanza kufua umeme Februari 2024, limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mto Rufiji unaolijaza hupata maji mengi zaidi kutoka Kilombero kuliko Ruaha. Nafuu hiyo ni ya taa. Hasara za ukame tumezoea kuzipima kwa magunia na megawati, na usikivu hauingii kwenye hesabu hiyo. Kinyozi aliyeanza kazi mwaka 2006 akiwa na miaka 20 sasa yuko kwenye 40. Akilalamika kwamba hasikii vizuri, ni rahisi aambiwe ni umri.