Usonji si ugonjwa wa kupona, ni maumbile ya ubongo

USONJI ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo hadi uzeeni. Hauambukizwi, hautokani na laana, na hakuna dawa inayouondoa.

Hata hivyo, wapo wazazi wanaohangaika kwa miaka mingi, mara kwa waganga, mara kwa wauzaji wa dawa zisizothibitishwa, huku muda ambao mtoto angesaidiwa kujifunza ukipotea bure.

Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliopenda kukaa peke yao na kufadhaishwa na mabadiliko madogo.

Wa kwanza kati yao alikuwa Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, jimboni Mississippi. Akiwa na umri wa miaka mitatu alipelekwa kulelewa katika kituo, kwani ndivyo madaktari wa enzi hizo walivyoshauri. Baadaye wazazi wake walimrudisha nyumbani.

Triplett alisoma hadi chuo, akafanya kazi benki kwa miongo kadhaa, akaendesha gari na kusafiri nchi za nje. Alifariki dunia mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Usonji haukumtoka, bali jamaa na majirani walimzoea, wakampa nafasi.

Si kila mwenye usonji hufika huko. Familia ya Triplett ilikuwa na uwezo. Wapo wasiozungumza maisha yao yote na wanaohitaji mwangalizi kila siku, na wapo wanaojitegemea kabisa.

Kwa kawaida dalili hujitokeza katika miaka ya mwanzo. Mtoto anaweza kuchelewa kusema, kutoitika anapoitwa jina, kukwepa kutazamana macho kwa macho au kurudia tendo moja mara nyingi. Sauti, mwanga au mguso usiowasumbua wengine huweza kumwumiza.

Katika miaka ya 1950, akina mama walilaumiwa kwamba ubaridi wa mapenzi yao ndio chanzo. Dhana hiyo ilivunjwa na utafiti ulioonyesha kuwa sehemu kubwa ya usonji hutokana na urithi wa vinasaba.

Mwaka 1998 yalizuka madai mengine, kwamba chanjo ya surua husababisha usonji. Tafiti kubwa hazikuona uhusiano wowote, na jarida la Lancet lililochapisha madai hayo liliyafuta mwaka 2010. Mzazi anayemnyima mtoto chanjo hamkingi na usonji. Anamwacha wazi kwa surua, ugonjwa unaoua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wengi wao ni watu wazima, ingawa jamii huwafikiria watoto tu.

Mzazi anayeona dalili hizo anashauriwa kumpeleka mtoto hospitali mapema. Mafunzo ya mawasiliano, ratiba isiyobadilika ovyo na mwalimu mwenye subira humsaidia sana. Lakini mtoto huyo atakua, na shule, waajiri na majirani watapaswa kuwa tayari kumpokea jinsi alivyo.